Uraia na uhamiaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa Waswahili waliotawanyika: mama aliyejifungulia Minneapolis, kijana wa Pemba anayefanya kazi Muscat, mkimbizi wa Uvira aliyepata hifadhi Ujerumani, mzee wa Shimoni aliyeishi maisha yake yote Kenya bila kitambulisho. Kila nchi imeweka mlango wake mahali pake, na anayeujua mlango wa nchi moja hukosea akidhani nchi ya pili imejengwa vivyo hivyo. Haya ni maelezo ya jumla. Jambo lako mwenyewe lipeleke kwa wakili wa uhamiaji kabla hujatia saini karatasi yoyote.

Mtoto wangu amezaliwa ugenini. Je, ni raia wa huko?

Inategemea kama nchi hiyo inafuata ardhi au inafuata damu. Zinazofuata ardhi zinasema aliyezaliwa hapa ni wetu, wazazi wake wawe nani. Nyingi za aina hii ziko upande wa Amerika: Marekani, Canada, Mexico, Brazil, Argentina. Zinazofuata damu huuliza wazazi ni kina nani, na hospitali aliyozaliwa mtoto si hoja. Ndivyo ilivyo sehemu kubwa ya Ulaya, Asia na Afrika.

Tofauti hii ina historia. Nchi za Amerika zilikuwa zinapokea watu, zikataka watoto wa wageni wawe wenyeji ndani ya kizazi kimoja. Ulaya ilikuwa inatoa watu. Ujerumani ilipotunga sheria yake ya 1913 ilitaka Wajerumani waliovuka bahari wabaki Wajerumani, wao na watoto wao. Marekani ina sababu nyingine, nzito kuliko hiyo. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba watu wa asili ya Afrika, hata walio huru, hawawezi kuwa raia wa nchi hiyo. Ilichukua vita vya wenyewe kwa wenyewe na Marekebisho ya 14 ya Katiba, mwaka 1868, kuifuta hukumu hiyo na kuandika kwamba anayezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake ni raia. Mwaka 1898 Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina, alishinda kesi iliyothibitisha kwamba maneno hayo yanawahusu watoto wa wageni pia. Mtoto wa Mkongo aliyezaliwa Ohio anabeba pasipoti iliyopatikana kwa mateso ya watu waliokuwa watumwa. Napenda wazazi wawasimulie watoto wao habari hiyo.

Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwanyima uraia watoto wa wasio na vibali na wa wenye viza za muda. Majaji waliizuia kabla haijaanza kutumika, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Kama mtoto wako anahusika, fuatilia habari hiyo kwa karibu.

Nchi nyingine zimechanganya. Uingereza ilifuata ardhi hadi mwisho wa 1982. Tangu 1 Januari 1983 mtoto anakuwa raia kwa kuzaliwa pale tu ikiwa mzazi mmoja ni raia au ana ruhusa ya kudumu ya kukaa. Asipokuwa hivyo, lakini akaishi Uingereza miaka 10 ya kwanza ya maisha yake, anaweza kusajiliwa. Wazazi wengi hawalijui hili, na wanamwacha mtoto afike umri wa chuo akitozwa ada za wageni. Ujerumani iliingiza ardhi kidogo kuanzia 2000: mzazi mmoja awe amekaa kihalali miaka 5 (zamani ilikuwa 8) na awe na haki ya kukaa bila ukomo. Ufaransa humsubiri mtoto: akizaliwa huko kwa wazazi wageni, anakuwa Mfaransa afikapo miaka 18 ikiwa ameishi nchini angalau miaka 5 tangu atimize 11.

Na Mayotte? Si ni Ufaransa?

Ni Ufaransa, lakini si kwa masharti yale yale. Kisiwa hiki cha Komoro, ambacho lugha yake ya Kimaore ni jamaa wa karibu wa Kiswahili, kilibaki chini ya Ufaransa visiwa vingine vitatu vilipojitegemea mwaka 1975. Kutoka kisiwa jirani cha Nzwani ni safari ya usiku mmoja kwa mashua ndogo, kwasa-kwasa, na bahari hiyo imemeza watu wengi mno. Mwaka 2018 Ufaransa ilitunga sharti la Mayotte peke yake: mtoto akizaliwa pale, ili aje kuwa Mfaransa, mzazi mmoja awe alikuwa nchini kihalali zaidi ya miezi mitatu. Mei 2025 sharti likakazwa: wazazi wote wawili, na kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo watoto wawili wa wazazi Wakomoro wasio na vibali, mmoja wa Marseille na mwingine wa Mamoudzou, wanazaliwa chini ya bendera moja na hawana haki moja. Nchi inayojivunia kwamba Jamhuri ni moja isiyogawanyika imeigawa yenyewe, tena mahali penye watu maskini kuliko kote.

Kwetu Afrika Mashariki na Kati tunafuata nini?

Damu kwa kiasi kikubwa. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema ni raia kwa kuzaliwa yule ambaye siku ya kuzaliwa kwake baba au mama yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Mtoto anayeokotwa Kenya akionekana hajatimiza miaka 8, na wazazi hawajulikani, huhesabiwa raia. Uganda ina kipengele kama hicho kwa mtoto asiyezidi miaka 5. Tanzania ina jambo la ajabu kidogo: Sheria ya Uraia ya 1995 ukiisoma ilivyoandikwa, inaelekea kumpa uraia karibu kila aliyezaliwa nchini tangu Muungano, isipokuwa watoto wa mabalozi na wachache wengine. Lakini nenda kwenye dirisha la Uhamiaji, utaulizwa wazazi wako ni kina nani, na walizaliwa wapi.

Penye uchungu ni kwenye tarehe. Katiba ya Uganda inaorodhesha makabila yaliyokuwemo ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Kabila lako likiwa kwenye orodha, wewe ni raia. Lisipokuwemo, kama Wamaragoli wa upande wa Kiryandongo, unazaliwa Uganda, unalima Uganda, unazika wazazi Uganda, na bado unaambiwa ulete ushahidi.

Congo ndiko ambako tarehe imemwaga damu. Sheria ya 1972 iliwatambua watu wa asili ya Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo) waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1950. Mwaka 1981 Mobutu akaigeuza: sasa ukoo wako uwe ulikuwemo Congo mwaka 1885, yaani enzi ambazo hakuna mwanakijiji wa Masisi aliyekuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Watu waliolala Wazaire wakaamka wageni. Mgogoro huo ulikuwa mmoja wa kuni zilizowasha vita vya 1996, Banyamulenge wa milima ya Uvira na Fizi walipotishiwa kufukuzwa. Sheria ya 2004 ilisogeza tarehe hadi uhuru, 30 Juni 1960, na Katiba ya 2006 ikaifuata. Kwenye karatasi jambo limekwisha. Barabarani Bukavu, mtu bado anaweza kuulizwa kwao ni wapi kwa sababu ya umbo la pua yake.

Mtanzania nikiapa uraia wa Canada, nabaki Mtanzania?

Hapana. Kwa sheria ya sasa mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anapoteza wa Tanzania. Mtoto aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili anaweza kuwa nao mpaka 18, kisha achague. Ndugu zetu wengi wameapa wakaendelea kusafiri na pasipoti ya Tanzania mpaka ilipogunduliwa uwanjani. Sishauri.

Sababu zinazotolewa ni usalama na uzalendo: mtu hawezi kuwatumikia mabwana wawili. Naiheshimu hoja hiyo, inatoka kwenye nchi iliyopigania umoja wake kwa bidii. Ila naona inawabana wasiostahili. Anayepoteza ni muuguzi wa Leicester anayejenga nyumba ya mamake Tanga na ambaye, kwa kukosa pasipoti ya Uingereza, hawezi kwenda mkutano wa kazi bila kuomba viza. Serikali ya Tanzania imechagua njia ya kati, hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania, ili waweze kuingia, kukaa na kumiliki mali bila kuitwa raia. Wazo hilo linafanana na la India, ambayo tangu 2005 inawapa wenye asili yake kadi ya namna hiyo huku ikiendelea kukataa uraia pacha. Hadhi si uraia. Haikupi kura.

Majirani wamekwenda njia nyingine. Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili kwa Katiba ya 2010: Mkenya wa kuzaliwa haupotezi kwa kuchukua mwingine, na aliyeupoteza zamani anaweza kuomba arudishiwe. Lakini sheria ya 2011 inamtaka aarifu serikali ndani ya miezi mitatu, na kwa kawaida huwezi kushika wadhifa mkubwa wa serikali ukiwa na pasipoti mbili. Uganda iliruhusu baada ya kurekebisha Katiba mwaka 2005. Rwanda na Burundi zinaruhusu. Congo inasema uraia wake ni mmoja na haushirikiani na mwingine, ingawa kila mtu Kinshasa anajua mwanasiasa mwenye pasipoti ya Ubelgiji.

Upande wa nchi unayoiomba, Marekani, Canada, Uingereza na Ufaransa hazikulazimishi uuache uraia wa kwenu. Ujerumani ilidai hivyo kwa miaka mingi, ikaacha tarehe 27 Juni 2024. Japan, China na Singapore bado zinadai.

Nisubiri miaka mingapi?

Ukitazama tarakimu peke yake utapotoka, kwa hiyo angalia pia saa inaanza kuhesabu lini. Marekani ni miaka 5 tangu upate kadi ya kijani, au 3 ikiwa unaishi na mume au mke raia. Mkimbizi aliyeletwa na mpango wa makazi mapya hupata kadi hiyo baada ya mwaka mmoja, lakini tarehe yake hurudishwa nyuma hadi siku aliyoshuka ndege. Mkongo aliyetoka kambi ya Nyarugusu, basi, huhesabu tangu uwanja wa ndege, wala haanzi na siku kadi ilipofika kwa posta. Canada inahesabu siku: 1,095 ulizokuwepo kimwili ndani ya miaka 5. Uingereza kwa kawaida ni miaka 5 ya kufikia ruhusa ya kudumu na mwaka mmoja juu yake. Ujerumani na Ufaransa miaka 5, Uswisi 10.

Kwetu, Kenya inataka miaka 7 ya ukaazi halali. Tanzania inataka miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 ndani ya ile 10 iliyotangulia. Kwa Uganda tajnisi, yaani mgeni kuomba na kupewa uraia, huchukua 20. Mara nyingi utasikia Waafrika wakilalamika kwamba Wazungu hawatoi uraia. Sheria zetu wenyewe hazitoi haraka zaidi.

Mtihani wa uraia ukoje? Mama yangu hajui Kiingereza.

Marekani mtihani ni wa mdomo. Kwa walioomba kuanzia 20 Oktoba 2025, afisa anauliza mpaka maswali 20 kutoka orodha ya 128, na unatakiwa upate 12. Pamoja na hayo kuna kusoma na kuandika sentensi ya Kiingereza. Sasa sikiliza kuhusu mama. Akiwa na miaka 50 na kadi ya kijani kwa miaka 20, au miaka 55 na kadi kwa miaka 15, anasamehewa Kiingereza na anafanya mtihani wa uraia kwa lugha yake, Kiswahili kikiwemo, na mkalimani. Akiwa na 65 na kadi kwa miaka 20, maswali yenyewe yanapunguzwa. Mwenye ugonjwa au ulemavu unaomzuia kujifunza anaweza kuombewa msamaha kwa fomu inayojazwa na daktari. Wazee wengi wamekata tamaa bila kuambiwa hayo.

Uingereza unakaa mbele ya kompyuta: maswali 24, dakika 45, upate 18. Ujerumani maswali 33, yatoshe 17, na Kijerumani cha kiwango cha B1. Canada maswali 20, yatoshe 15, kwa walio kati ya miaka 18 na 54. Tanzania hakuna karatasi ya namna hiyo, ila sheria inadai ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au Kiingereza. Nionavyo mimi, nchi iliyojengwa kwa Kiswahili ingekuwa na haki ya kudai Kiswahili peke yake.

Kwa nini Ufaransa wanakataza hijabu shuleni na Canada hawakatazi? Zote si nchi za Magharibi?

Ni za Magharibi, lakini zina picha mbili za raia. Kwa Ufaransa, mtu akiingia kwenye Jamhuri anaacha kabila, asili na dini yake nyumbani. Serikali inamwona mmoja mmoja, haimwoni kama mtu wa jamii fulani. Ndiyo maana sensa yao haiulizi rangi wala kabila, na ndiyo maana sheria ya 2004 ilipiga marufuku alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za serikali. Wanaoitetea wanasema inamlinda kila mtu kwa usawa. Mimi nina shaka na usawa usiohesabu: kijana anayeitwa Mamadou akinyimwa kazi kwa jina lake, ni vigumu kuonyesha kwa takwimu kwamba wenzake wananyimwa pia.

Canada ilitangaza sera ya tamaduni nyingi mwaka 1971, chini ya Pierre Trudeau, na ikaiweka kwenye sheria mwaka 1988. Huko mtu anaambiwa aje na mila zake, na serikali inachangia sherehe zake. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ilitengua sharti la mwanamke kuvua nikabu wakati wa kula kiapo cha uraia. Denmark ilikwenda upande mwingine kabisa: tangu 2019 kupeana mkono na afisa ni sehemu ya sherehe ya kuwa raia, na kila aliyesikia alielewa sharti hilo limewalenga Waislamu. Canada yenyewe haina sauti moja, kwani jimbo la Quebec lina sheria ya 2019 inayowakataza walimu na polisi wapya kuvaa alama za dini kazini.

Singapore imechukua njia ya tatu, ya kuamuru watu wachanganyike. Tangu 1989, katika majumba ya serikali ambamo wengi wa wananchi wanaishi, kila jengo lina kikomo cha Wachina, Wamalay na Wahindi. Ukitaka kuuza nyumba yako, kabila la mnunuzi linaweza kuizuia biashara.

Tusijisahau. Tanzania haijauliza kabila kwenye sensa tangu 1967, na Rwanda iliondoa kabila kwenye vitambulisho baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Kenya inahesabu makabila na kuyatangaza. Ukiuliza mtu wa Dodoma na mtu wa Eldoret kama serikali ijue kabila lako, utapata majibu mawili yanayotofautiana kama ya Paris na Toronto.

Nimefanya kazi Ghuba miaka mingi. Naweza kuwa raia?

Kwa wengi wetu jibu ni hapana, na ni heri ulijue mapema upange uzee wako. Huko ukaazi umefungwa kwenye ajira na kafili, yaani mdhamini wako, na mtoto wa wageni anayezaliwa Dubai hazaliwi na chochote cha Imarati (Falme za Kiarabu). Sheria ya Imarati ya 1972 iliweka miaka 30 kwa asiye Mwarabu, 7 kwa Mwarabu, na 3 kwa wenye asili ya Oman, Qatar na Bahrain. Na hata miaka hiyo ikitimia si haki, ni hisani. Mwaka 2021 waliongeza njia ya wawekezaji, madaktari, wanasayansi na wasanii, lakini hiyo haiombwi: unapendekezwa na walio juu. Oman kwa sheria yake mpya ya 2025 inataka miaka 15 mfululizo, Kiarabu, na uikane nchi yako.

Wapo wanaouliza: mbona Muscat kumejaa watu wanaozungumza Kiswahili cha Unguja na wana pasipoti za Oman? Wale wengi wao ni Waomani kwa nasaba, waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 au waliorudi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita wenye asili ya huko waje wajenge nchi. Hawakupewa tajnisi kwa kufanya kazi. Ni damu tena.

Jambo la kuchunga kwa Watanzania: uraia wetu wa kurithi nje ya nchi unakwenda kizazi kimoja. Wewe uliyezaliwa Moshi ukimzaa binti Doha, binti ni Mtanzania kwa kurithi. Binti huyo akija kuzaa huko huko na mgeni, na nchi ya mgeni huyo nayo isimpe mtoto uraia, mjukuu wako hana pa kusimama: Qatar haimtambui, na Tanzania haimpi. Hivyo ndivyo familia inavyoweza kuzalisha mtu asiye na uraia bila mtu yeyote kufanya kosa.

Wapo pia wale wanaoitwa bidun, wenyeji wa Ghuba wasiosajiliwa. Komoro ilipitisha sheria ya uraia wa kiuchumi mwaka 2008, na Imarati ikawanunulia maelfu ya watu hao pasipoti za Komoro, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuikanyaga.

Mkimbizi anaweza kuwa raia wa nchi iliyompa hifadhi?

Ulaya na Marekani hiyo ni njia ya kawaida. Afrika ni nadra, ndiyo maana historia ya Tanzania inanipa fahari. Mwaka 1980 Nyerere alifungua mlango kwa Wanyarwanda makumi ya maelfu. Kisha ikafika zamu ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kupewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kuanzia 2007 waliulizwa: kurudi au kubaki? Takriban 162,000 walichagua kubaki wakapewa tajnisi, na vyeti vyao vilianza kutolewa Oktoba 2014 chini ya Rais Kikwete. Katika kipindi hicho hicho, Wazigua waliokimbia Somalia, wajukuu wa watu waliouzwa utumwani kutoka pwani hii hii, walipewa uraia katika makazi ya Chogo, Handeni. Walikuwa wametunza Kizigua chao zaidi ya miaka 100.

Lakini mkono uliotoa ndio uliofukuza. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga iliwatoa watu wa Kagera, Kigoma na Geita waliokwisha kuoa, kuzaa na kuzeeka nchini. Na waliokuja baada ya 1993 hawajaguswa na tajnisi ya 2014: yule wa Nyarugusu, aliyezaliwa kambini na kuzaa kambini, bado anasubiri.

Inawezekanaje mtu azaliwe Kenya, azeeke Kenya, na asiwe Mkenya?

Inawezekana kwa sababu 1963 ilikuta watu katikati. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kukata mkonge Kwale. Wapemba walivuka na ngalawa zao, wengine zamani, wengine baada ya 1964, wakavua samaki kuanzia Vanga hadi Kilifi. Washona walikuja kutoka Zimbabwe na kanisa lao. Wanubi wa Kibera ni kizazi cha askari wa Sudan walioletwa na Mwingereza. Uhuru ulipokuja, sheria iliuliza wazazi wako ni wa wapi, na hao hawakuwa na jibu lililokubalika. Bila kipande huwezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti, kuoa kiserikali, wala kupata leseni ya uvuvi. Mzee wa Kipemba aliyekamatwa na doria baharini hakuwa na pa kurudishwa.

Wamakonde waliandamana kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi Oktoba 2016. Mwanzoni mwa 2017 walipata vitambulisho na kutambuliwa kuwa kabila la 43. Washona walitangaziwa uraia Desemba 2020, Wapemba wakatambuliwa 2023. Wanubi kisheria ni raia, lakini kwa miaka mingi walipigwa msasa mbele ya kamati kabla ya kupewa kipande, sawa na Wasomali wa kaskazini. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuufuta msasa huo.

Nikiolewa na raia nakuwa raia?

Nchi nyingi kati ya hizi hazikupi siku ya harusi. Kenya unaomba baada ya miaka 7 ya ndoa, mwanamume kwa mwanamke. Tanzania mke mgeni wa Mtanzania ana njia yake, mume mgeni wa Mtanzania hana, itabidi apitie tajnisi ya kawaida. Huu ni ubaguzi mtupu na ungefaa uondolewe.

Kuhusu watoto, zaidi ya nchi 20 duniani bado hazimpi mama haki sawa na baba ya kumrithisha mtoto uraia, zikiwemo Burundi, Kuwait na Qatar. Kenya ilikuwa hivyo hadi 2010 kwa watoto waliozaliwa nje. Afrika njia ilifunguliwa na mwanasheria Unity Dow wa Botswana, aliyeishtaki serikali yake kwa kuwanyima uraia watoto aliozaa na mumewe Mmarekani, na akashinda rufani mwaka 1992.

Uraia ukishaupata, unaweza kunyang'anywa?

Ndiyo, hasa ukipatikana kwa udanganyifu, na hilo ni kila mahali. Tajnisi huwa dhaifu kuliko kuzaliwa. Kuwait tangu 2024 imefuta uraia wa makumi ya maelfu, wengi wakiwa wanawake walioupata kwa ndoa.

Wakati mwingine hawakunyang'anyi, wanaufanya usifae kitu. Wahindi wa Nairobi waliochagua pasipoti ya Uingereza baada ya uhuru walipobanwa na vibali vya kazi mwaka 1967, walianza kwenda London. Mwaka 1968 bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku tatu sheria ya kuwazuia: pasipoti yao ikawa halali, lakini bila haki ya kuingia nchi iliyoitoa. Miaka minne baadaye Idi Amin aliwapa wenzao wa Uganda siku 90.

Ni kweli uraia unauzwa?

Visiwa vya Karibi vinauza waziwazi, Saint Kitts na Nevis tangu 1984. Malta iliuza mpaka mahakama ya Umoja wa Ulaya ilipokataza tarehe 29 Aprili 2025. Anayekuuzia pasipoti Kariakoo au River Road anakuuzia kifungo.

Nianzie wapi?

Anza na majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, kadi ya kambini inasema Mwanahidi na pasipoti inasema Mwana Idi, rekebisha sasa, kabla afisa hajakuuliza wewe ni yupi. Wakimbizi wengi waliandikiwa 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa. Ukitaka kuibadilisha, fanya hivyo mapema na kwa ushahidi, usijaze tarehe nyingine kwenye fomu mpya. Weka daftari la safari zako zote nje ya nchi, na nakala za kodi.

Walioko Marekani, zingatieni zaidi hili: usijaze popote kwamba wewe ni raia wakati bado, iwe unaomba leseni ya udereva, iwe kazi, iwe karatasi ya kupigia kura uliyopewa na mtu mwenye tabasamu sokoni. Kudai uraia usio nao kunaweza kukufungia njia maisha, hata kama ulitia alama kwa kutoelewa lugha. Kama umeshafanya, usipeleke maombi ya uraia bila wakili.

Na mtoto akizaliwa, msajili pande zote mbili: kwa serikali ya huko na kwenye ubalozi wa kwenu. Ubalozi ukiwa mbali, uliza kuhusu siku ambazo maafisa wake hutembelea miji mingine.